Ibn Sina na Maumivu ya Mtoto Asiyeweza Kusema



Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ndugu msomaji, katika safu hii ya maisha ya watu wakubwa waliotutangulia, leo tunamtazama mtu ambaye jina lake sote tumelisikia tangu madrasa, lakini wengi wetu tunamjua kwa jina tu: Abu Ali al-Husayn ibn Abdillah ibn Sina.

Mengi yameandikwa kuhusu falsafa yake. Mimi nataka kumwangalia kwa upande mmoja, upande wa maumivu. Nimeuchagua kwa sababu ya watoto. Anayekwenda kumtembelea mgonjwa katika hospitali kuu ya Mbale, au katika wodi za watoto za Nalufenya kule Jinja, atawakuta: aliyemwagikiwa uji wa moto, aliyeanguka mwembeni akavunjika mkono, mwenye selimundu, au siko seli kama tunavyouita hapa, ambaye mifupa inamuuma usiku kucha. Mdogo hawezi kusema panapomuuma. Aliyekua kidogo anaambiwa anyamaze, avumilie, asitie aibu. Na sisi Waislamu mara nyingi tunalipamba jambo hilo kwa neno zuri la subira.

Je, ndivyo dini yetu ilivyotufundisha? Tumfuate Ibn Sina, tuone.

Mtoto wa Afshana

Alizaliwa mwaka 370 Hijria, sawa na 980 Miladia, katika kijiji cha Afshana karibu na Bukhara, katika nchi inayoitwa leo Uzbekistan. Baba yake alitoka Balkh, akawa mtumishi wa dola ya Wasamani. Mama yake, Sitara, alikuwa mwenyeji wa Afshana. Baadaye familia ilihamia Bukhara, mji wa wanazuoni, na huko kijana akatafutiwa walimu. Alipofika umri wa miaka 10 alikuwa amehifadhi Qur'ani na kusoma sehemu kubwa ya adabu za Kiarabu. Hesabu za Kihindi alipelekwa kujifunza kwa muuza mboga, na fiqhi aliisoma kwa sheikh aliyeitwa Ismail az-Zahid. Nawaombeni muutazame mpangilio huo: Qur'ani, lugha, fiqhi, na hesabu kutoka kwa mtu wa sokoni. Hakuna mlango wa elimu uliodharauliwa.

Tiba aliianza mwenyewe akiwa kijana mdogo, akaiona si elimu ngumu. Akiwa na miaka 16 hivi, matabibu walikuwa wakija kusoma kwake, naye alikuwa anawahudumia wagonjwa. Hapo ndipo, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, akajifunza kwa kutazama mambo ambayo hayakuwamo vitabuni. Masuala ya mantiki yalipomshinda alikwenda msikitini, akaswali na kumwomba Mola wake amfungulie. Kitabu cha Aristotle cha metafizikia alikisoma mara 40 bila kukielewa, mpaka siku moja sokoni akauziwa kwa dirhamu 3 kitabu kidogo cha al-Farabi kilichomfumbulia. Kesho yake akatoa sadaka kwa maskini kumshukuru Allah.

Akiwa na miaka 17 hivi aliitwa kushiriki kumtibu Amiri Nuh ibn Mansur, ambaye matabibu wa jumba lake walikuwa wamekwama. Amiri alipona. Kijana hakuomba dhahabu. Aliomba ruhusa ya kuingia maktaba ya wafalme, akasoma humo vitabu ambavyo watu wengi hawakupata hata kuvisikia majina.

Maisha ya njiani

Baada ya hapo raha ilikwisha. Baba yake alifariki, dola ya Wasamani ikaanguka, na Ibn Sina akawa mtu wa safari: Gurganj, Jurjan, Rayy, Hamadan, Isfahan. Jurjan, yapata mwaka 1012, alikutana na Abu Ubayd al-Juzjani, mwanafunzi aliyekaa naye mpaka kufa na ambaye kwake tumepata habari nyingi za maisha yake. Huko ndiko alikoanza kuandika al-Qanun fi at-Tibb, kitabu kikubwa cha tiba chenye juzuu 5.

Hamadan alimtibu mtawala Shams ad-Dawla, aliyekuwa na kulanji, yaani msokoto mkali wa tumbo. Mtawala alipona akamfanya waziri. Lakini askari walimwasi waziri huyo, wakaivamia nyumba yake, wakachukua mali yake na kutaka auawe. Akajificha siku 40 katika nyumba ya rafiki. Maumivu ya tumbo yalipomrudia, mtawala alimtafuta, akamwomba radhi na kumrudishia cheo. Mchana alifanya kazi ya serikali. Usiku wanafunzi walikusanyika nyumbani kwake, wengine wakisoma al-Qanun, wengine kitabu chake kingine, ash-Shifa. Shams ad-Dawla alipofariki, Ibn Sina alitiwa ngomeni kwa miezi 4, na humo gerezani aliendelea kuandika. Baadaye alitoroka kwenda Isfahan akiwa amevaa mavazi ya masufi.

Basi huyu si mtu aliyeyasoma maumivu akiwa amekaa kwenye zulia. Aliyaona kwa wafalme na kwa watu wa chini, na yeye mwenyewe hayakumwacha.

Alichoandika juu ya maumivu

Kabla yake tabibu mkubwa wa Kiyunani, Galen, alifundisha kwamba chanzo cha maumivu ni kimoja: kuachana kwa viungo vilivyoshikana, kama jeraha au mvunjiko. Ibn Sina alimheshimu Galen, lakini hapo hakumfuata. Alisema badiliko kali la hali ya mwili, kama joto au baridi ya ghafla, nalo laweza kuuma lenyewe hata kama hakuna kilichokatika.

Kisha akafanya kazi ambayo kila nesi wa leo angeitambua. Aliyagawa maumivu kwa namna yanavyohisiwa, akahesabu aina 15. Kuna ya kuwasha na ya kuchoma kama sindano. Ya kuvuta, ya kubana, ya kutoboa, ya kupwita. Kuna ya uzito, ya ganzi, na ya uchovu. Kila moja aliieleza inatokana na nini. Kwake, maumivu hayakuwa kelele za kunyamazishwa. Yalikuwa habari, na kazi ya tabibu ilikuwa kuuliza, kusikiliza na kutofautisha.

Na tiba yake? Aliziweka dawa za maumivu katika makundi. Kwanza zile zinazoondoa chanzo chenyewe. Pili zile zinazolainisha na kutuliza mpaka mgonjwa apate usingizi. Tatu zile za kutia ganzi, na kali kuliko zote ikiwa ni afyuni. Alionya sana kuhusu kundi hili la tatu. Tabibu apime: ni kipi chenye hatari zaidi, maumivu au dawa? Kwani maumivu yenyewe yakizidi huvunja nguvu za mgonjwa na huweza kumuua. Wenzangu wa usuli wataiona hapa kaida yetu ya kuchukua dhara nyepesi ili kuepuka ile nzito.

Hakuishia kwenye dawa. Alitaja pia vitu vinavyopunguza maumivu bila dawa: kutembea taratibu, sauti nzuri ya kuimbiwa, na kushughulishwa na jambo linalofurahisha. Al-Juzjani anasimulia kwamba siku moja Ibn Sina aliumwa kichwa vikali. Akaagiza barafu nyingi, ikapondwa, ikafungwa kitambaani, akaiweka kichwani mpaka akapona.

Mtoto katika al-Qanun

Katika juzuu ya kwanza ya kitabu hicho kuna milango maalumu juu ya malezi ya mtoto mchanga na maradhi yake. Anataja fizi zinazovimba wakati wa kuota meno, na namna ya kuzibonyeza taratibu kwa kidole na kuzipaka mafuta. Anataja masikio, tumbo, na kilio cha usiku. Anasisitiza kwamba mtoto anahitaji vitu viwili viutie mwili wake nguvu: kutikiswa polepole na kuimbiwa kama ilivyo ada ya walezi.

Mama zetu wa Busoga na Bugisu hawakuisoma al-Qanun, lakini wanalijua hilo. Mtu aliyekuwa waziri, mwenye kubishana na Aristotle, hakuona haya kuandika juu ya fizi za mtoto na wimbo wa kumbembeleza.

Si kila alichoandika kinafaa kutumiwa leo. Kwa mtoto asiyelala alikubali hata mmea wa mpopi, ambao ndio unaotoa afyuni, na hilo lisijaribiwe nyumbani kamwe, kwani laweza kumzuia mtoto asipumue. Pia tusifiche kwamba maulamaa walimpinga. Imam al-Ghazali aliyakataa kwa ukali baadhi ya maoni ya wanafalsafa, ya Ibn Sina yakiwamo, katika mambo ya akida. Tunachukua kwake kilicho sahihi na tunaacha kilichokosewa, kama tufanyavyo kwa kila asiyekuwa Mtume.

Kifo chake

Hapa ndipo kisa chake kinaponigusa zaidi. Yule aliyewatibu wafalme msokoto wa tumbo alishikwa na ugonjwa huohuo. Alikuwa safarini na mtawala wa Isfahan, Ala ad-Dawla, wakati wa vita, akaogopa wasije wakalazimika kukimbia naye hawezi kusafiri. Akataka kupona haraka. Kwa siku moja akajitia dawa kwa njia ya haja kubwa mara 8, mpaka matumbo yakachubuka. Aliagiza mbegu kidogo za karafsi ziongezwe katika dawa, na tabibu aliyemhudumia akatia nyingi kupita kipimo, al-Juzjani hajui kama ni kwa makosa au kwa kusudi. Kisha mmoja wa watumishi, waliokuwa wamemwibia mali na kuogopa adhabu, akatia afyuni nyingi katika dawa yake nyingine.

Hakufa siku hiyo. Alipata nafuu, ugonjwa ukarudi, akapata nafuu tena, mpaka safari ya Hamadan ilipomshinda. Alipotambua kwamba nguvu za mwili zimekwisha aliacha kujitibu. Wanahistoria waliofuata wanasema alitubu, akatoa sadaka, akawaacha huru watumwa wake, na akawa anahitimu Qur'ani kila siku 3. Alifariki mwezi wa Ramadhani mwaka 428 Hijria, sawa na 1037, akiwa na miaka 57. Kaburi lake liko Hamadan mpaka leo.

Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini mjini Toledo katika karne ya 12, kikafundishwa katika vyuo vya Ulaya kwa mamia ya miaka. Lakini mtu aliyeandika kwamba dawa ya maumivu ipimwe kabla ya kutolewa aliumizwa na dawa isiyopimwa.

Kutoka Hamadan mpaka Mbale

Ndugu msomaji, ungefikiri kwamba baada ya miaka karibu 1000 jambo hili limekwisha. Halijakwisha. Hata katika miaka ya 1980, katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani, watoto wachanga walikuwa wakipasuliwa kwa dawa kidogo sana ya kuzuia maumivu, kwa sababu madaktari wengi waliamini kwamba mtoto mchanga hasikii maumivu kama mtu mzima. Utafiti ndio uliowarudisha kwenye jambo ambalo kila mama analijua.

Leo wahudumu wa dharura wanafundishwa kuyapima maumivu ya mtoto kama wanavyopima joto. Kwa mtoto asiyeweza kusema wanatazama mambo matano: uso wake, miguu yake, namna mwili unavyotulia au kujinyonganyonga, kilio chake, na kama anabembelezeka. Kila jambo linapewa alama kuanzia 0 hadi 2, na jumla inafika 10. Mtoto wa miaka 4 hivi anaonyeshwa picha za nyuso, kuanzia inayotabasamu mpaka inayolia, achague inayofanana naye. Aliyekwisha kujua hesabu anaulizwa namba. Baada ya dawa, anapimwa tena. Na wanaonywa wasidanganywe na ukimya: mtoto aliyenyamaza kabisa huenda ndiye anayeumwa zaidi, hana tena nguvu za kulia. Kuna pia hofu ya zamani kwamba ukimpa mtoto dawa ya maumivu ya tumbo utaificha sababu yake. Tafiti zimeonyesha kwamba daktari bado huweza kuutambua ugonjwa.

Kwetu jambo hili ni zito. Utafiti wa nchi nzima uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba zaidi ya watoto 13 katika kila 100 nchini Uganda wamebeba chembe ya selimundu, na Busoga ni miongoni mwa maeneo yenye kiwango cha juu. Wanaorithi chembe hiyo kwa wazazi wote wawili ndio wanaopata ugonjwa wenyewe, na mara nyingi dalili yake ya kwanza kwa mtoto mchanga ni vidole vya mikono na miguu kuvimba na kuuma.

Uganda si nchi isiyo na la kujivunia. Tangu mwaka 1993, Dkt. Anne Merriman alipoanzisha hospisi Kampala, mofini ya kunywa inatengenezwa hapa kwa bei nafuu, na serikali ikaamua itolewe bure. Mwaka 2004 sheria iliwaruhusu hata wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika kwa mgonjwa. Mofini hiyo asili yake ni ileile afyuni ya Ibn Sina, ila sasa inapimwa kwa uzito wa mtoto.

Kuna wazazi wanaoikataa wakisema ni dawa ya kulevya, na wengine wanatuuliza sisi wa masomo ya Kiislamu. Tuwajibu kwa elimu. Mafakihi wameruhusu kutumia kinachotia ganzi kwa ajili ya tiba, kwa haja na kwa kipimo, na chini ya mjuzi anayeaminika. Kilichokatazwa ni kulewa kwa starehe. Mtoto aliyevunjika mfupa hatafuti starehe.

Subira ni ya nani?

Narudi kwenye swali la mwanzo. Subira ni katika ibada kubwa, na malipo yake hayana hesabu. Lakini tulichosoma katika somo la kwanza la fiqhi ni kwamba mtoto si mukallaf. Kalamu imeinuliwa kwake mpaka abaleghe. Hatumwandikii dhambi kwa kuacha swala, basi kwa haki gani tunamdai subira wakati mkono wake umeungua? Subira katika wodi ile ni yetu sisi: ya mzazi anayekesha, ya nesi mwenye watoto wengi peke yake, ya mwanafunzi anayesimama kumshika mtoto mkono. Wajibu wa mtoto ni kulia, ili tujue. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiifupisha swala aliposikia kilio cha mtoto, kwa kumhurumia mama yake. Kama kilio kile kilistahili kupunguza kisimamo mbele ya Allah, hakistahili kupuuzwa na sisi.

Kwa hiyo tukienda kuwatembelea wagonjwa baada ya swala ya Ijumaa, tusiende na dua na matunda tu. Mtoto akiungua nyumbani, tuwafundishe wazazi kulimwagia jeraha maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20, si dawa ya meno wala mafuta, kisha wampeleke hospitali. Tukimkuta mtoto anaumwa, tumwite mhudumu kwa adabu, tumwulize kama maumivu yake yamepimwa na kama amepewa dawa. Tumsimulie kisa, tumwimbie kasida ndogo, tumshughulishe wakati kidonda kinasafishwa. Ibn Sina alilihesabu hilo kuwa ni tiba. Na wenzetu wanaosomea uuguzi na udaktari wakumbuke kwamba hakuna maswali yaliyo madogo kwao kuliko yalivyokuwa kwa waziri wa Hamadan.

Allah amrehemu Ibn Sina kwa mema aliyoyaacha, amsamehe alipokosea, awaponye watoto wetu walio hospitalini usiku wa leo, na awatie nguvu wanaowahudumia. Amin.

Wallahu a'lam.